Hita ya maji Albuquerque: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza hita za maji hapa Albuquerque, New Mexico. Kwa kuwa nazungumza Kiswahili, simu nyingi za ndugu zetu huishia kwangu: familia za Kongo zilizopitia kambi za Tanzania, Burundi au Uganda, na wengine wa Kenya na Tanzania waliofuata kazi na masomo. Wengi wamenunua nyumba yao ya kwanza, na hita iliyomo ni nzee kuliko watoto wao. Maswali niliyoyaweka hapa ndiyo yanayorudi kila mara.

Houston nilikuwa na hita ya galoni 40 na familia yote ilikuwa inaoga. Hapa nimenunua ya ukubwa uleule, lakini mtu wa tatu anaoga maji baridi. Imeharibika?

Huenda ni nzima kabisa. Houston iko karibu na usawa wa bahari, Albuquerque iko takriban mita 1,600 juu yake. Kwa kimo hiki hewa imepungua uzito, na pumzi unayoivuta ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na pwani. Moto wa gesi unapumua hewa hiyohiyo. Kanuni za gesi za Marekani zinasema kifaa cha kuchoma gesi kikifungwa juu ya futi 2,000, nguvu yake ipunguzwe asilimia 4 kwa kila futi 1,000 kuanzia usawa wa bahari, isipokuwa kama mtengenezaji ametoa maagizo yake. Sisi tuko kwenye futi 5,300 hivi. Hiyo ni kama asilimia 21.

Tufanye hesabu. Hita ya kawaida ya galoni 40 (lita 150) huandikwa BTU 40,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto). Tuseme asilimia 80 ya joto hilo inaingia majini, na maji yanapanda kutoka nyuzi 10 hadi 49 za Selsiasi. Pwani itakupashia galoni 55 kwa saa. Ondoa asilimia 21, zinabaki 43. Zile galoni 12 ndizo alizozikosa mtu wako wa tatu. Tena Houston maji ya bomba yanaingia nyumbani yakiwa na uvuguvugu. Ya kwetu mwezi wa Januari yanauma vidole, kwa hiyo hita dhaifu zaidi inapewa kazi kubwa zaidi.

Basi ninunue ipi?

Usinunue kwa kuangalia ukubwa wa tangi peke yake. Kila hita mpya dukani ina karatasi ya njano ya matumizi ya nishati, na humo mna namba ya maji moto ambayo hita inaweza kutoa katika saa ya kwanza. Namba hiyo ndiyo ya kulinganisha. Kwa hita ya gesi, ichukulie kuwa ya pwani, kisha punguza. Familia ya watu sita wanaotoka asubuhi moja kwenda kazini na shule, mimi huwaelekeza kwenye galoni 50 na kichomeo chenye nguvu zaidi.

Halafu soma bamba lililobandikwa ubavuni. Litakwambia hita imeidhinishwa mpaka kimo gani. Nyingine zinafaa hapa bila kuguswa, nyingine zinahitaji sehemu maalumu za mahali pa juu. Kumbuka pia kwamba jiji lenyewe limeinama: mitaa ya bondeni kando ya mto Rio Grande iko kwenye mita 1,500 hivi, lakini ukipanda Northeast Heights mpaka chini ya milima ya Sandia unapita mita 1,800. Hita iliyomfaa shemeji yako bondeni si lazima ikufae wewe uliye juu.

Nimesikia nozeli ya gesi inabadilishwa kwa ajili ya kimo. Naweza kufanya mwenyewe?

Hapana. Nozeli ni kile kitundu kidogo kinachopima gesi inayoingia kwenye moto. Gesi ikizidi hewa iliyopo, moto hauungui vizuri: unageuka wa njano, unatoa masizi na kuzalisha kaboni monoksidi. Moto mzuri ni wa buluu. Nozeli iwe ya mtengenezaji, ifungwe na fundi mwenye leseni, naye apime shinikizo la gesi baada ya kufunga.

Nairobi na Bukavu nako ni juu. Mbona huko hatukuwahi kusikia habari hizi?

Ni kweli. Nairobi iko juu kidogo kuliko Albuquerque, na Bukavu haiko mbali nayo. Lakini huko wengi wetu tulioga kwa shawa ya umeme, au tulichemsha maji kwa jiko na kuchanganya kwenye beseni. Koili ya umeme haihitaji oksijeni. Ikiandikwa wati 4,500, itatoa wati 4,500 Mombasa na itatoa wati 4,500 hapa. Kinachoumizwa na kimo ni moto. Na huko kwetu milimani mvua inanyesha na mabomba hayagandi. Hapa mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 220 tu, na usiku wa majira ya baridi maji yaliyosahaulika nje huamka barafu.

Kabati la hita lina matundu yanayoingiza baridi. Naweza kuyaziba?

Nakuomba sana, usiyazibe. Swali hili ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu mara nyingi naulizwa wakati matundu yameshazibwa. Nimekuta blanketi limekunjwa vizuri na kusukumwa ndani ya tundu, nimekuta mfuko wa unga uliobandikwa kwa gundi. Aliyefanya hivyo ni mama mwenye watoto wadogo, ndani kuna baridi, na hakuna aliyewahi kumweleza yale matundu ni ya nini.

Ni pua ya hita. Kwa hita inayovuta hewa ya ndani ya nyumba, kanuni zinataka matundu mawili, moja lisizidi inchi 12 kutoka juu ya kabati na jingine lisizidi inchi 12 kutoka chini, kila moja likiwa na angalau inchi 100 za mraba. Tundu la hewa ya nje lina vipimo vingine. Ukiziba, moto unakosa hewa ambayo tayari ilikuwa haba, na moshi uliopaswa kupanda kwenye dohani unarudi chumbani. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi.

Kuna jambo linalonitia hofu zaidi kwa wageni. Mtu aliyefika karibuni kutoka mahali pa chini huumwa kichwa siku za kwanza kwa sababu ya kimo, na kila mtu humwambia atazoea. Lakini kichwa cha kimo na kichwa cha sumu hii vinafanana. Angalia hivi: je, mnaumwa wote kwa pamoja? Mnapata nafuu mkitoka nje au mkienda kanisani, kisha kinarudi mkirudi nyumbani? Kuna kizunguzungu na kichefuchefu? Hapo usingoje kuzoea. Tokeni nje.

Kama baridi ya matundu inawashinda, dawa ni kuweka mpira wa kuzuia upepo kwenye mlango wa kabati upande wa nyumba, ikiwa hewa ya hita inatoka nje, au kubadilisha kuwa hita inayovuta hewa yake kwa bomba la peke yake kutoka nje. Na king'ora cha kaboni monoksidi kiwe karibu na vyumba vya kulala, si ndani ya kabati la hita.

King'ora kikilia, au nikinusa gesi, nifanye nini?

Toka na watu wote, acha kila kitu. Ukinusa gesi usiwashe wala kuzima swichi yoyote, na usipige simu ukiwa bado ndani. Ukiwa nje, mbali na nyumba, piga 911. Kama Kiingereza kinakupotea kwa hofu, taja anwani yako na neno "Swahili", watatafuta mkalimani.

Moto mdogo wa kuwashia unazimika kila masika. Kwa nini?

Tazama chini ya tangi. Hita za gesi zilizotengenezwa tangu mwaka 2003 zina kichujio cha wavu mahali hewa inapoingilia, ili mvuke wa petroli au rangi ukishika moto usitoke nje ya hita. Pepo za Machi na Aprili zinapuliza vumbi la jangwa mpaka ndani ya gereji, nalo likichanganyika na nyuzi za kikausha nguo linaziba wavu huo. Zima hita, iache ipoe, kisha fyonza vumbi kwa mashine au brashi laini. Watu wengi wameuziwa kifaa kipya cha kuwashia wakati shida ilikuwa vumbi.

Kama kuna kipoza hewa cha maji juu ya paa, angalia pia dohani iko wapi. Mdomo wa dohani ya hita unatakiwa uwe futi 10 mbali na mahali kipoza hewa kinapovutia hewa, au uinuke futi 3 juu yake. Paa zetu ni bapa, na mafundi wa zamani waliviweka vitu popote palipokuwa rahisi. Kipoza hewa kinachovuta moshi wa hita kinaupuliza moja kwa moja kitandani.

Hita isiyo na tangi ni bora? Jirani anaisifu sana.

Ni nzuri ikifungwa vizuri. Inapasha maji yanapopita, haina maji yanayokaa yakipoa, na inachukua nafasi ndogo ukutani. Lakini inakula gesi nyingi kwa wakati mmoja: kubwa za nyumbani ni BTU 199,000, karibu mara tano ya hita ya tangi. Bomba la gesi la nusu inchi lililolisha hita ya zamani mara nyingi halitoshi. Fundi asiyepima bomba lako la gesi wala kuuliza vifaa vingine vinavyotumia gesi nyumbani, mwambie asante, aende.

Kimo nacho kipo. Hizi za kisasa zina swichi ndogo ndani, kwenye bodi ya umeme, za kuiambia mashine iko juu kiasi gani. Zikitoka kiwandani huwa zimewekwa kwa mahali pa chini. Nimefungua hita zilizofungwa miaka miwili nyuma, zinazima zenyewe katikati ya kuoga, na swichi hazijawahi kuguswa. Mwambie fundi akuonyeshe kwa kidole alipoziweka. Hata zikiwekwa sawa, mashine iliyotangazwa lita 20 kwa dakika kwa maji ya baridi kama yetu, tegemea kama lita 16. Hizo ni shawa mbili kwa pamoja, si tatu.

Na hita ya umeme, au ile ya pampu ya joto?

Ya umeme ya kawaida haijali kimo. Inahitaji waya wa volti 240 na breka yake yenyewe, mara nyingi ya ampea 30. Ni rahisi kufunga, ila bili yake ya mwezi kwa kawaida inapita ya gesi.

Ya pampu ya joto inafanya kazi kama friji iliyogeuzwa: inachota joto la hewa iliyo kando yake na kulitia majini, ikitumia umeme mdogo sana. Jangwani ina faida ya ziada, kwa sababu wakati wa kiangazi gereji inapopata joto la kutisha, yenyewe inakula joto hilo na kukuachia ubaridi. Majira ya baridi, gereji ikikaribia kuganda, inaacha kuchota na kutumia koili yake, na bili inapanda. Iweke mahali pasipoganda na penye hewa ya kutosha. Punguzo la kodi la serikali ya Marekani lililokuwa likitolewa kwa hita hizi liliisha na mwaka 2025, kwa hiyo mwuzaji akikutajia bado lipo, muulize analisoma wapi.

Kuna jua jingi hapa. Je, hita ya jua?

Jua lipo, na jiji hili lina historia nalo: mwaka 1956 wahandisi Bridgers na Paxton walijenga hapa ofisi iliyopata joto lake kutoka kwenye jua, miongoni mwa majengo ya kwanza ya biashara duniani kufanya hivyo. Tatizo ni usiku. Hita ya jua ya paa uliyoiona Nairobi, yenye tangi juu na maji ya bomba yakipita moja kwa moja kwenye paneli, itapasuka hapa Desemba. Inayofaa ni ile inayozungusha kimiminika kisichoganda kwenye paneli na kuyapasha maji kupitia koili ndani ya tangi.

Tangi linatoa sauti kama bisi zinapasuka. Linataka kulipuka?

Hapana, ni magamba ya chokaa. Maji yetu ni mchanganyiko wa visima na maji ya mradi wa San Juan-Chama, ambao tangu mwishoni mwa 2008 unatuletea maji ya matawi ya mto Colorado, yaliyovushwa chini ya milima kwa mahandaki. Maji haya yana madini. Umeyaona kama ukoko mweupe kwenye kipoza hewa chako. Ndani ya tangi ukoko huo unatulia chini, maji yananaswa kati yake na moto, yanachemka na kupasua. Gesi inaungua kupasha mawe.

Fungua koki ya chini ya tangi angalau mara moja kwa mwaka na utoe maji mpaka yawe safi. Hita isiyo na tangi isafishwe kwa kuzungushiwa siki nyeupe kwa pampu ndogo. Fundi aliyekufungia bila kuweka vali mbili za kazi hiyo amekuongezea gharama ya baadaye. Tangi lina pia fimbo ya magnesiamu au alumini inayojitoa kuliwa na kutu ili tangi lenyewe lisiliwe. Itazame kila miaka mitatu. Ukiwa na mashine ya kulainisha maji, itaisha mapema zaidi.

Sioni maji sakafuni, lakini bili ya maji imepanda. Hita inaweza kuvuja bila kuonekana?

Inaweza kabisa, na hili ni la jangwani. Hewa ni kavu kiasi kwamba tone linalotoka polepole linakauka kabla hujaliona. Usitafute maji. Tafuta alama: unga mweupe au wa kijani kwenye maungio, mstari wa kutu ubavuni mwa tangi, zege lililobadilika rangi. Pitisha karatasi ya choo kwenye kila ungio, ikilowa, umepata.

Bomba linaloshuka kutoka kwenye vali iliyo juu linadondosha maji. Niliwekee kizibo?

Usithubutu. Hiyo ni vali ya usalama. Inafunguka shinikizo likifika pauni 150 kwa inchi ya mraba au joto likifika Farenhaiti 210, yaani Selsiasi 99. Kwa kimo chetu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo yakitoka kwenye vali hiyo kwa joto hilo yanageuka mvuke hapohapo. Ndiyo sababu bomba lake lishushwe mpaka karibu na sakafu au nje, lisipunguzwe upana, na mdomo wake usiwe na mikato ya skrubu ya kufungia kitu chochote.

Inapodondosha kila hita inapowaka, mara nyingi kosa ni mahali pengine. Lita 150 zikipashwa kutoka nyuzi 10 hadi 49 zinaongezeka kwa zaidi ya lita moja na nusu. Kama bomba linaloingia nyumbani lina kipunguza shinikizo, maji hayo hayana pa kurudi. Unahitaji tangi dogo la upanuzi juu ya hita.

Niweke joto kiasi gani?

Selsiasi 49, Farenhaiti 120, panatosha nyumba nyingi. Ukipandisha hadi 60, maji yanamchoma mtoto kwa sekunde chache. Wenye mgonjwa ambaye kinga yake ni dhaifu huambiwa na daktari waweke 60 kwa ajili ya bakteria. Hapo funga vali ya kuchanganya maji kwenye mdomo wa tangi.

Kibali ni lazima kweli? Kuna mtu ananifungia kwa bei ndogo wikendi.

Ni lazima, hata kama unatoa ya zamani na kuweka mpya palepale. Mwenye leseni ya New Mexico anachukua kibali, kisha mkaguzi anakuja. Mkaguzi huyo anatazama dohani, matundu, gesi na vali, yaani mambo yote tuliyoyazungumza, na anakutazamia wewe. Ikitokea ajali, bima nayo itauliza kibali.

Nimepanga nyumba, na hakuna maji moto. Ni juu ya nani?

Ni juu ya mwenye nyumba. Sheria ya New Mexico inamtaka ampe mpangaji maji yanayotiririka na maji moto ya kutosha wakati wote. Mwandikie, weka tarehe, baki na nakala au picha. Kumwambia kwa mdomo getini hakutakusaidia mbele ya hakimu.

Usiku wa baridi kali nifanyeje?

Februari 2011 joto hapa lilishuka chini ya nyuzi -20 za Selsiasi, na maelfu ya nyumba katika jimbo zikakosa gesi siku hizohizo. Vika sponji ya mabomba kwenye kila bomba lililo gereji au ukuta wa nje. Hita isiyo na tangi hujikinga isigande kwa umeme, hivyo umeme ukikatika usiku kama huo, funga maji yake na uyamwage kwa koki za chini. Mjifunze kufanya hivyo mchana wa Oktoba, siyo kwa tochi ya simu.

Maji yanachukua muda mrefu kufika bafuni yakiwa moto. Hita ni mbovu?

Ni umbali. Bomba la robo tatu inchi lenye urefu wa mita 15 lina karibu lita 5 za maji yaliyopoa, na lazima yatoke kwanza. Pampu ndogo ya mzunguko yenye kitufe bafuni inayarudisha kwenye hita badala ya kuyamwaga. Kabla ya kuinunua, weka ndoo chini ya shawa. Mama mmoja wa mtaa wangu anamwagilia mchicha wake kwa ndoo hiyo tangu Mei mpaka Septemba.